Kliniki ya miezi 18: tazameni kidole cha mtoto

Mhariri,

Tunaomba nafasi tuzungumze na wazazi wa Moshi na vijiji vya jirani kuhusu usonji (autism), yaani hali ya ukuaji inayomfanya mtoto awasiliane na kuhusiana na watu kwa namna tofauti, na hasa kuhusu siku moja: ile ya kliniki ya miezi 18, mtoto anapopata chanjo ya pili ya surua na rubella. Mtoto anapimwa uzito, anachomwa sindano, kadi inajazwa, mama anapanda bodaboda. Baadhi ya akina mama hawarudi tena mpaka mtoto augue. Na huo ndio umri ambao dalili za usonji zinaweza kuonekana vizuri, mtu akijua pa kutazama.

Tatizo ni kwamba nyumbani kila mtu anasubiri maneno. Mara wavulana huchelewa, mara anachanganywa na Kichaga na Kiswahili, mara ana udata, yaani ulimi ulioshikwa kwa chini, akatwe. Lugha mbili hazileti usonji. Udata nao haumzuii mtoto kugeuka akiitwa, kwa hiyo kumkata hakutibu kitu hapa. Kabla ya maneno, tazameni kidole.

Mtoto wa mwaka na nusu akisikia ndege angani hunyoosha kidole, kisha anageuka kukutazama usoni kuona kama na wewe umeiona. Kule kugeuka ndiko kwenye uzito. Mwenye usonji anaweza kukushika mkono akaupeleka mpaka kwenye kikombe, bila kukutazama, kana kwamba mkono wako ni kijiko. Mama husema, “Mbona anaonyesha?” Hapo ameomba uji, kukushirikisha alichokiona ni jambo jingine, na hilo ndilo linalotafutwa.

Jaribuni na jina. Zima redio, simama nyuma yake hatua mbili au tatu akiwa anacheza, mwite kwa sauti ya kawaida. Rudia siku nyingine, maana mtoto yeyote anaweza kuzama kwenye mchezo. Asipogeuka mara nyingi, aanze kupimwa masikio. Msijidanganye kwamba anasikia kwa vile hukimbilia mlio wa pakiti ya biskuti: anaweza kusikia baadhi ya sauti akakosa nyingine. Hospitali ya KCMC hapa Moshi kuna idara ya masikio, pua na koo. Ombeni rufaa kutoka kituo chenu cha afya. Na mtoto aliyekuwa na maneno yakapotea asisubirishwe hata kidogo, apelekwe.

Dalili moja peke yake si usonji. Zikikusanyika, hitaji la uchunguzi ni la kweli, na mama asitupiwe lawama. Usonji hautokani na malezi wala kurogwa, na hautokani na chanjo. Uvumi wa chanjo ulipata nguvu kwa andiko la Uingereza la mwaka 1998 lililohusu watoto 12 tu. Jarida la Lancet lililolichapisha lililifuta mwaka 2010. Denmark walifuatilia watoto zaidi ya 650,000, wakachapisha matokeo mwaka 2019: waliochanjwa hawakuwa na usonji zaidi ya wasiochanjwa. Kinachowachanganya watu ni kwamba sindano na dalili hukutana katika umri mmoja.

Wakati mnasubiri miadi, kazi ianze jikoni. Mimina uji robo kikombe badala ya kukijaza, kisha nyamaza, hesabu moyoni mpaka kumi. Akikutazama, akigusa kikombe au akitoa sauti yoyote, sema “uji” na umwongeze papo hapo. Kosa kubwa ni haraka yetu: tunajaza kikombe kabla mtoto hajapata sababu ya kuomba. Kosa jingine ni kila mtu kutumia neno lake, bibi “kunywa”, dada “chukua”, baba “haya”. Chagueni moja.

Asiye na maneno apewe picha. Anza na moja, ya kikombe chake mwenyewe, iliyopigwa kwa simu na kusafishwa studio. Mtu mmoja akae nyuma yake amsaidie kuishika na kumkabidhi aliye mbele. Huyo atoe uji mara moja. Picha ikifungiwa kabatini haina kazi, na ishirini kwa mpigo zitamchosha. Picha haimfanyi mvivu wa kuongea.

Jambo la hatari: baadhi ya watoto hawa huvutwa na maji na hutoka nyumbani kimya kimya. Penye mfereji karibu na migomba, komeo la mlango liwekwe juu asikofikia.

Kwa wauguzi wetu, tunajua foleni ilivyo. Tunaomba maswali mawili tu: anaitika jina? anakuonyesha vitu? Yanaulizika huku mama bado ameshikilia pamba kwenye mkono wa mtoto.

Walimu na wahudumu wa watoto wenye usonji,
Moshi