Shukrani kwa mzee wa chumba cha kusomea

Mzee wangu, sikukuuliza jina wala wewe hukuniuliza langu, lakini asante sana.

Ni wewe uliyenikuta pale Nyaraka za Taifa, Nairobi, nimeinamia ramani ya viwanja ya enzi za mkoloni, nikiitafuta Moi Avenue nisiione. Ukacheka. "Mjukuu wangu, hiyo hapo, Government Road." Ukaniongoza kwa kidole: Delamere ndiyo Kenyatta Avenue, Hardinge ndiyo Kimathi, Victoria ndiyo Tom Mboya. River Road imebaki na jina lake, na vurugu zake pia.

Kilichonifaa zaidi ni vipimo. Mnyororo wa mpima ardhi, ukasema, ni futi 66, una viungo 100. Ukachana ukanda wa karatasi kutoka daftari langu, ukautia alama za penseli kufuata kipimo cha ramani, ukaushikilia juu ya kiwanja kimoja baada ya kingine. Upana wa duka la babu ukajitokeza wenyewe!

Halafu lile neno lako: "Anza na stesheni, kisha fuata pesa." Reli ilifika Mei 1899, kambi ikageuka mji mbiombio, maduka ya bazaa yakabanana hadi tauni ikaingia na bazaa ikachomwa moto 1902. Tangu hapo siangalii mistari ile kama michoro tu.

Nakala nimepata, familia imeziona. Tukikutana tena chai ni juu yangu, maana karatasi ya upande wa Ngara bado inanisumbua.