Mwanafunzi wa baiolojia aulizwe: umejuaje?

Ndugu Mhariri,

Nafundisha baiolojia kidato cha tatu hapa Dodoma. Hivi karibuni niliuliza darasani: mbuyu ulio nje ya uzio wetu umeutoa wapi unene wote ule? Darasa zima likajibu, udongoni. Nilipouliza wamejuaje, kimya. Mmoja akafungua daftari kutafuta jibu.

Nikawaandikia ubaoni vipimo vya mwanasayansi Jan Baptist van Helmont, vilivyochapishwa mwaka 1648. Alipanda mche wa kilo 2 na ushei katika udongo mkavu wa kilo 90 hivi, akaumwagilia maji tu kwa miaka 5. Mti ukafika kilo 76 na zaidi. Udongo ulipungua kama gramu 60 tu.

Hapo darasa likachangamka. Binti mmoja akasema basi mti umetokana na maji, na hivyo ndivyo van Helmont mwenyewe alivyohitimisha. Mvulana akampinga: "Mbona mtama ulioota kivulini chini ya mwembe unadumaa hata ukimwagiliwa?" Binti akajibu kwamba huenda mizizi ya mwembe inaunyang'anya maji. Hoja nzito hiyo, na haikutoka kwenye daftari. Wakaamua kujaribu: makopo mawili ya mtama, udongo uleule, maji kipimo kilekile, moja juani, jingine stoo penye mwanga hafifu.

Walibishana kwa Kiswahili, nami sikuwakataza. Najua lugha ya kufundishia sekondari ni Kiingereza, na ripoti wataiandika kwa Kiingereza. Lakini mtoto anayehangaika kuunda sentensi hana nafasi ya kupima hoja.

Mjadala ule ulikula vipindi viwili, nikaulizwa kwa nini niko nyuma ya azimio la kazi. Mitihani yetu midogo ya kila wiki nayo imejaa "taja" na "orodhesha". Nawaomba walimu wenzangu na wakuu wa idara tuweke walau swali moja linalompa mwanafunzi vipimo na dai, aseme kama vipimo vinalibeba dai hilo, na ni ushahidi gani ungemfanya abadili mawazo.

Siku ya tisa, mtama wa stoo ulikuwa mrefu kuliko wa juani, ila mwembamba na wa njano. Binti akashangilia. Mvulana akasema urefu si uzito. Wamekubaliana kuing'oa miche yote, waikaushe juani kwanza ili maji yasiwadanganye, kisha waipime. Wameshaniomba mizani.

Mwalimu wa baiolojia,
Dodoma