Mahakama iliungua, madaftari ya kodi yapo

Mhariri,

Wasomaji wenu walioko Marekani, hasa waliooa au kuolewa katika familia za mashambani kusini mwa nchi hiyo, wakitaka kuwaandikia watoto ukoo wa upande wa huko hukimbilia nasaba zilizokwisha kupangwa na wengine kwenye intaneti. Nyingi zimenakiliana makosa. Ukoo wa mashambani hutafutwa kaunti kwa kaunti, kwani hati za ardhi, ndoa, wosia na mirathi hukaa kaunti; huko Virginia, kwa karani wa mahakama.

Chukua kaunti ya Buckingham, jimbo la Virginia, alikozaliwa mwanahistoria Carter G. Woodson mwaka 1875. Ilimegwa kutoka Albemarle mwaka 1761, nayo ikamegwa mwaka 1845 ilipoundwa Appomattox. Mpaka ukihama, hati za zamani hubaki kaunti mama, kwa hiyo hata familia ambayo haikuhama inaweza kuwa na karatasi katika kaunti mbili. Anza na miaka ya mipaka, ndipo utafute jina.

Mwaka 1869 mahakama ya Buckingham iliungua pamoja na hati zake nyingi. Hapo wengi hukata tamaa bure. Tangu 1782 Virginia ilitoza kodi ya ardhi na ya mali nyingine, na nakala ya kila daftari ikapelekwa Richmond, mji mkuu wa jimbo; leo ziko Library of Virginia, maktaba ya jimbo. Zisome mwaka hadi mwaka, usiruke. Kijana akitajwa kwa mara ya kwanza kwenye kodi ya mali, aghalabu ametimiza miaka 21. Shamba likiandikwa ni la mirathi ya fulani, mwenyewe keshafariki. Ekari zikipungua ghafla, angalia ni nani kaongezewa kiasi kilekile: mara nyingi ni mtoto au mkwe.

Madaftari hayo huziba pia pengo la sensa. Sensa ya 1890 karibu yote ilipotea kwa sababu ya moto wa Washington wa 1921, na katika miaka 20 kati ya sensa ya 1880 na ya 1900 ndimo watu humpachika mtoto kwa baba asiye wake.

Kwa familia za Weusi ukuta ni 1870, sensa ya kwanza kuwataja kwa majina waliokuwa watumwa. Orodha za watumwa za sensa ya 1850 na ya 1860 zilitaja umri, jinsia na rangi kwa jina la bwana, kwa kawaida bila jina la mtumwa. Basi tafuta bwana, ukianzia matajiri majirani katika sensa ya 1870, ila usidhani jina la ukoo lazima ni lake. Kisha fungua rejista za vizazi za Virginia, zilizoanza 1853: mtoto wa mtumwa aliandikwa kwa jina la bwana, mara nyingi na la mama yake.

Ukimwandikia karani, taja jina, aina ya hati na miaka michache mahsusi. Ombi la "nitumieni kila kitu cha ukoo wetu" huishia kwenye trei.

Msomaji,
Richmond, Virginia