Mhariri, ile mistari ya kahawia nyuma ya kangaga sio ugonjwa

Ndugu Mhariri,

Naomba kanafasi gazetini kwako maana hili jambo wiki nzima nalala nalo naamka nalo. Kwenye ukurasa wenu wa bustani mliandika kwamba ukiona mistari ya kahawia nyuma ya majani ya kangaga, ile ferni ya majani mapana inayokaa kama kiota, basi imeingiwa na kutu, ule ugonjwa wa ukungu, kata majani yote yenye mistari alafu piga dawa ya ukungu. Shangazi yangu wa Ngamiani anasoma gazeti lenu kila siku na akisoma anaamini. Akachukua kisu akakata majani 14, mmea aliokuwa nao tangu mume wake yupo hai, akaupulizia na dawa juu yake, ndio akanipigia simu kuniambia ameuokoa. Nilipofika nikakuta majani yamerundikwa kando ya ndoo, kijani kabisa, yanang'aa, hayana hata doa la njano.

Mhariri ile mistari ndio uzazi wa mmea wenyewe. Kangaga halina ua, halina tunda wala mbegu, linazaa kwa spora, na spora zinatengenezwa kwenye vifuko vidogo sana vilivyojipanga nyuma ya jani. Kwa hii ferni ya kiota vifuko vinakaa mstari mrefu ubavuni mwa mshipa wa jani na vinafunikwa na utando mwembamba mpaka vikomae. Ndio maana mistari imenyooka, imepishana sawasawa kama meno ya kitana, kulia na kushoto kwa uti wa jani, tena mara nyingi ni nusu ya juu ya jani lililokomaa, huku chini hamna kitu. Sasa ugonjwa gani unajua kujipanga hivo? Ugonjwa unapiga ovyo ovyo, jani linaanza njano, linaoza. Na wale vidugamba, wadudu wadogo wanaojibandika kwenye jani, ambao kweli wanasumbua, wanakaa wametawanyika, ukimkwangua kwa kucha anatoka na jani linakuwa linanata. Mistari ya spora hainati.

Nilichukua jani moja kati ya yale ya shangazi, nikalilaza juu ya karatasi nyeupe, mgongo chini, nikafunika na kanga upepo usiguse. Asubuhi kulinyanyua nikakuta karatasini mistari ileile imejichora kwa unga wa kahawia, mwembamba kuliko poda, mstari kwa mstari. Shangazi alikaa kimya akaiangalia mpaka chai ikapoa. Kila punje ya ule unga ni spora. Ikiangukia pahala penye unyevu inaota kitu kidogo cha kijani, bapa, umbo la moyo, hakifiki ukucha wa kidole kidogo, na kwenye kale kadude ndio kuna upande wa kike na wa kiume, mbegu ya kiume inaogelea kwenye tone la maji kulifata yai, alafu hapo ndio linaanza kuota kangaga lenyewe. Yani bila maji hakuna ndoa, ndio maana makangaga yanapenda kule kwenye ukungu wa Amani, milima ya Usambara, kuliko hapa mjini kwenye chumvi na jua.

Na hiyo mistari sio ya kuzalia tu, ndio kitambulisho cha mmea. Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Uswidi, mwaka 1753 aliupa jina Asplenium nidus, nidus ni kiota kwa Kilatini, na Asplenium linatokana na neno la Kigiriki la bandama, maana watu wa zamani waliamini mimea ya jamii hiyo inatibu bandama (sisi huku pwani mtoto akipigwa na homa kila mara tunajua bandama linavyovimba). Wataalamu wanaitambua jenasi hiyo, yani kundi la spishi zenye undugu wa karibu, kwa vifuko vya mstari vilivyokaa ubavuni mwa mshipa, wakati makangaga mengine yanavyo vya duara kama vifungo, mengine vinapita ukingoni mwa jani. Ukiyakata majani yenye mistari eti yanaumwa unakuwa umemnyang'anya mtu cheti chake cha kuzaliwa.

Alafu jina lenyewe limepita safari. Mwaka 1841 John Smith, mtaalamu wa mimea wa Uingereza, aliutoa mmea huu kwenye Asplenium akauita Neottopteris, kwa sababu mishipa yake ikifika karibu na ukingo inaungana na mshipa mmoja unaozunguka jani zima. Hilo hata wewe Mhariri unaweza kuliona, shika jani juani utaona mishipa inaenda sambamba kama mistari ya daftari alafu inaishia kwenye ule mmoja wa pembeni. Mi nilivyoona mara ya kwanza nilijiambia Smith alikuwa na haki. Lakini vinasaba vilipokuja kupimwa ikaonekana ni ndani ya Asplenium palepale, wakaurudisha. Na kule kisiwa cha Java vinasaba vimeonyesha kwamba kinachoitwa nidus ni spishi zaidi ya moja zinazofanana kwa macho. Mwaka 2016 wataalamu wa makangaga wa nchi nyingi walipanga upya jamii yote ya makangaga na jamaa zake, wakakadiria spishi 11,916. Watu wanahangaika hivo kwa ajili ya mistari ambayo sisi tunaambiwa tuipige dawa.

Kuna na hili la kusema ferni hii ni kupe inanyonya mti. Hapana. Inashika gome tu ipate kukaa juu penye mwanga, chakula chake inakusanya yenyewe, majani makavu yanayodondoka yanaingia kwenye kiota yanaoza yanakuwa udongo wake. Kule kisiwa cha Borneo watafiti walipima wadudu wanaoishi ndani ya viota hivyo msituni juu, mwaka 2004 wakatoa matokeo kwamba uzito wa wadudu wa viotani unakaribia kulingana na wa kwenye matawi na majani mengine yote ya huko juu. Yani kiota kimoja ni mtaa mzima.

Nawaandikia nyinyi kwa sababu sisi wa Tanga tumekaa chini ya Usambara, Amani pana bustani ya mimea tangu 1902 na msitu wake ni hifadhi tangu 1997, ukitoka Muheza unapandisha mpaka makangaga yanakufuata pande zote mbili za barabara, tusiwe sisi ndio wa kuyakata kwa kutojua. Na mtu akisoma kwamba lake limekufa kwa kutu anaenda kununua jingine, na mengine yanayouzwa yamebanduliwa msituni.

Naomba mrekebishe toleo lijalo, ukurasa uleule na kwa ukubwa uleule, maana wenye haya mabeseni barazani ni wengi na sio wote wana mpwa wa kuwaletea karatasi. La shangazi limebaki kisiki, ila jana katikati kulikuwa na vichwa viwili vimejikunja kama mkia wa kinyonga, bado havijafunguka. Nimekuwekea ile karatasi humu ndani ya bahasha, ifungue taratibu na feni ikiwa imezimwa, ule unga unapeperuka.

Msomaji wako,
Chumbageni, Tanga