Mangi, usiwapelekee kabla hujauliza ni nchi gani

Kijenge, Arusha

Mangi Elinami,

Shikamoo ya utani, maana najua utaidai. Huku wazima. Mvua imeshika, njia ya kwetu imegeuka mto kama kawaida yake, na Mama Upendo anakusalimu, bado anausubiri ule mkungu wa ndizi. Mengine baadaye, maana umesema kazi inatakiwa Jumatatu.

Faili lako la tafsiri ya Kihispania, yale maandishi ya chini ya video ya kupanda Kilimanjaro, nimelisoma lote. Kihispania chako cha njiani, cha "despacio" (polepole), kunywa maji na kichwa kinauma, hakina shida. Shida ni hao Waingereza wanne wanaotukanana toka geti la Machame mpaka Stella Point karibu na kilele, na katikati ya matusi wanaitana asali. Wewe umewatafsiri neno kwa neno. Sasa swali langu la kwanza, na nitalirudia mpaka unichoke: hiyo video watatazama watu wa nchi gani? Uhispania? Meksiko? Argentina? "Wanaoongea Kihispania" si jibu, mangi. Muulize huyo aliyekupa kazi.

Chukua jiko. Pale kiongozi anapomtambulisha msaidizi wa mpishi umeandika "el pinche". Kwa Mhispania umepatia kabisa, pinche ndiye kijana wa jikoni anayemenya viazi. Lakini kwa Mmeksiko hilo ni neno la kulaani linalowekwa mbele ya jina la kitu: "pinche lluvia", limvua hili la laana. Kijana wa watu ameamka alfajiri kuwachemshia maji, halafu watu Mexico City wanamcheka. Andika "ayudante de cocina", inapita kila mahali.

Na pale wanapoparamia mwamba, kwenye ukuta wa Barranco, "grab the rock", umeweka "coge la roca". Madrid hata hawatashtuka, "coger" kwao ni kushika au kuchukua tu, hata basi wanali"coge". Meksiko na Argentina ni kufanya mapenzi. Nawaza huyo mteja anavyoambiwa alifanyie jiwe. Weka "agarra".

Haya, majina ya mahaba. "Honey" umeifanya "miel". Miel ni ya kupaka kwenye mkate, mpenzi haitwi hivyo. Maneno yanayopita nchi zote ni "mi amor", "mi vida", "corazón", "cielo", "tesoro", na "cariño" ambalo Uhispania utalisikia kila kona. Mengi ya haya yana faida moja ambayo usipoijua utahangaika: hayabadiliki kwa mwanamume wala mwanamke. Kiingereza hakikuonyeshi anayeambiwa ni nani, Kihispania mara nyingi kinakulazimisha kuchagua -o ya mwanamume au -a ya mwanamke. Kwa hiyo pale ambapo kamera inatazama mlima na sauti tu ndiyo inasikika, usibahatishe "guapo" au "guapa", weka "cielo" uendelee na kazi. Kwenye matusi ni hivyo hivyo: "idiota" na "imbécil" hazibadiliki, "tonto" na "pesado" zinabadilika.

"Pumpkin" umeandika "calabaza". Hapana! Uhispania "dar calabazas", kumpa mtu maboga, ni kumkataa anapokutongoza. Yaani baba anamwita binti yake kipenzi na wewe unamletea habari za kukataliwa. "Tesoro" inatosha. Na "darling" ya yule mama mwenye kofia umeipa "querida". Kwenye barua "Querida Ana" ni salamu ya kawaida kabisa, lakini "la querida" ni hawara, na mke akiitwa "querida" mdomoni inasikika ya kizamani au ya kejeli. Rudi kwa "cariño".

Halafu ile "love" ambayo Mwingereza anampa hata muuza duka asiyemjua. Hiyo si mahaba, ni adabu ya mtaani, kama sisi tunavyomwita kila mwenye duka mangi hata akiwa Mpare. Pale anapomwambia mpagazi "thanks, love", "gracias, mi amor" imezidi. Andika "gracias" peke yake, au "muchas gracias", basi.

Sasa njoo kwenye "my old man is already up there". Umeandika "mi viejo". Mwingereza akisema hivyo anaweza kuwa anamsema baba au mume, na huyu, ukiangalia dakika ya nne, anamsema mume. Argentina na Uhispania "mi viejo" ni baba. Meksiko inaweza kuwa mume. Unaona tunakorudi? Usipojua nchi, weka "mi marido", hakuna atakayebisha.

Matusi ndiko kazi ilipo. Kwanza muundo. "You idiot" umeiandika "tú, idiota" mara tano. Kiingereza kinapenda kuweka "wewe" mbele ya tusi, na sisi pia tunapenda kuiweka, mbele au nyuma, lakini Kihispania hakijengi hivyo. Wao ni "¡Idiota!" kavu, au "¡Qué idiota eres!", au "¡Pedazo de idiota!". Uhispania wana na "so": "¡So tonto!". Na "don't be silly" ni "no seas tonto". Angalia pia "eres tonto" na "estás tonto". La kwanza ni tabia yake, la pili ni leo tu amepatwa na nini. Yule jamaa aliyevaa buti kinyume hajawa mjinga wa maisha, apewe "estás tonto". Ukiongeza "un", "eres un tonto", unazidi kumpigilia msumari.

Pili, uzito. "Stupid" ya Kiingereza inarushwa hovyo, hata mlango unaitwa stupid. "Estúpido" ni nzito kuliko hiyo, hasa Marekani ya Kusini na Meksiko, inauma kweli. Ngazi yako iwe hivi: chini kabisa "bobo" na "tonto", inafuata "idiota", halafu "estúpido" na "imbécil". Baada ya hapo unaingia kwenye maneno yenye uraia: "gilipollas" ya Uhispania, "boludo" ya Argentina, "pendejo" ya Meksiko. Hiyo "pendejo" umeitumia mahali pawili. Meksiko ni tusi zito, Argentina wanamaanisha kijana mdogo au mtu mwenye utoto, na Peru ni mjanja wa kona kona. Neno moja, watu watatu tofauti! Kama hujajua nchi, usiliguse.

"Lucky bastard" pale kileleni. Hapa naomba unisikilize vizuri, maana ndipo video nzima inapochekesha. Umeandika "bastardo afortunado". Hayo ni maneno ya filamu iliyoingizwa sauti vibaya, mtaani huyasikii. Bastard ya pale haimtukani mtu, inampongeza kwa wivu, vile chalii wa Ngarenaro anavyomwambia mwenzake "mshenzi wewe!" huku amemkumbatia. Uhispania na Meksiko utapata "¡Qué suerte tienes, cabrón!". Argentina hata kitenzi kinageuka, "¡Qué suerte tenés, boludo!", maana "tienes" yao ni "tenés" na "eres" ni "sos". Kama kampuni inataka video ambayo bibi na wajukuu wataangalia pamoja, "¡Qué suertudo!" inabeba wivu bila tusi. Lakini ona, yule anayetapika kwenye kambi ya Barafu naye ameitwa "poor bastard", na wewe umempa "bastardo pobre", yaani haramu asiye na pesa. Huyo ni "pobrecito", maskini wa watu. Ukitaka mkali kidogo, "pobre diablo".

Wanyama nao. "Old goat" nimecheka peke yangu. Mbuzi wa Kihispania wana mitego: "cabrón" kwa asili ni beberu, na "estar como una cabra" ni kuwa na wazimu. Mwingereza yeye anamaanisha mzee mwenye tamaa za wanawake, na Mhispania huyo anamwita "viejo verde", mzee wa kijani. "Silly cow" usiandike "vaca", mwanamke ataelewa ameambiwa mnene, "tonta" inatosha. "Chicken" hiyo umepatia, "gallina" ni mwoga kote huko. Na "lazy", umeandika "flojo": Meksiko ni mvivu sawa, ila Uhispania mara nyingi ni dhaifu, na mlimani dhaifu ni habari nyingine kabisa, watauliza kwa nini hashushwi. "Vago" kwa Uhispania na Argentina, au "perezoso" kwa wote, ingawa imepoa kidogo.

Jambo la vitendo. Tusi lililoandikwa linaonekana zito kuliko lililosemwa, kwa sababu msomaji hapati kicheko kilichokuja nalo. Ukisita kati ya maneno mawili, chukua la ngazi ya chini. Na hesabu herufi: kawaida mstari hauzidi 42, mistari miwili kwa mara moja, na msomaji mpe kama herufi 17 kwa sekunde. "¡Qué suerte tienes, cabrón!" ni herufi 27 pamoja na alama, kwa hiyo ikae sekunde moja na nusu na ushee. Alama ya mwanzo iliyopinduliwa inahesabiwa, na usiiache. Wale mtu na mkewe wanaosema "honey" kila sentensi, iandike mara ya kwanza, nyingine futa. Na mkato kabla ya jina la kuita ni lazima: "Ven, cariño".

Moja ambalo si la utani. Mahali fulani umejaza "negrita", yaani kama "mweusi wangu mdogo", kwa sababu Saitoti amekwambia Waajentina wanaitana hivyo kwa mapenzi. Ni kweli, na Uruguai pia, na Karibi. Lakini unamkumbuka Cavani, yule mshambuliaji wa Uruguai, alipokuwa Manchester United? Novemba 2020 alimjibu rafiki yake mtandaoni "Gracias negrito", maneno ya kawaida kabisa kwao, na Chama cha Soka cha Uingereza kikamfungia mechi 3 na faini ya pauni 100,000. Neno la mapenzi halikuvuka bahari na maana yake. Sasa video yako imejaa wapagazi wetu, weusi kama mimi na wewe, na hilo neno litakuwa limeandikwa chini ya nyuso zao. Ondoa kabisa, hata kama watakujibu ni Argentina.

Nilitaka pia kusema kuhusu "bloody", ile "bloody tent" ya hema. Usiende kwenye damu. Uhispania wangesema "la puta tienda", ambalo kampuni haitalikubali, kwa hiyo "maldita tienda" itakufaa. Inanuka filamu kidogo, lakini "maldita" inasomeka kote; "tienda" ndiyo ya kuangalia, maana Argentina hema ni "carpa".

Basi niambie: umeshauliza nchi? Na kama watasema ni zote, watakubali kulipa matoleo mawili, moja la Uhispania na moja la huko ng'ambo ya Atlantiki, au wanataka moja la bei ya moja? Wanakulipa kwa dakika au kwa kazi nzima? Walikubaliana kwamba matusi yabaki, au mwenye kampuni hajui hata Kiingereza cha humo? Yule mama mwenye kofia ni dada wa huyo mzee au mke? Maana nimemwita mke barua nzima. Na mkungu unakuja na gari gani?

Nitumie toleo jipya Jumamosi jioni, nitalipitia.

Wako,
Lembris