Mlei akiigiza padre, hatari haiko jukwaani

Mhariri,

Kila Kwaresima, vikundi vya maigizo vya parokia vinapoanza mazoezi, ubishi ni uleule: mlei, yaani muumini wa kawaida asiye padre wala mtawa, aigize padre? Wanaokataza hushika Kanuni ya 1379 ya Sheria za Kanisa Katoliki, iliyorekebishwa mwaka 2021, inayomzuia kupokea sakramenti mtu asiye padre akijaribu kuadhimisha Misa au kuungamisha. Lakini anayejaribu ni yule anayetaka aonekane padre kweli. Jukwaani, mwigizaji na watazamaji wote wanajua ni mchezo. Kule Oberammergau, Ujerumani, igizo la Mateso ya Yesu lilianza mwaka 1634, na Yesu huigizwa na mwanakijiji.

Makosa hutokea kwenye vifaa. Kasula (vazi la juu la padre kwenye Misa) na kalisi (kikombe cha divai ya Misa) za sakristia, chumba cha vifaa vya kanisa, zimebarikiwa zitumike kwenye ibada tu (Kanuni ya 1171), kwa hiyo shoneni zenu na tumieni kikombe cha kawaida. Msiombe hostia, mikate myembamba ya Misa, hata zile ambazo padre hajazigeuza kuwa Mwili wa Kristo. Zikiachwa mezani, hakuna jicho litakalozitofautisha na zilizogeuzwa. Kateni mkate wa umbo jingine. Stola, ule ukanda mrefu wa shingoni, nayo ikivaliwa vibaya huharibu mchezo mzima: padre huiacha ining'inie mbele pande zote mbili, shemasi huipitisha bega la kushoto na kuifunga ubavu wa kulia.

Wa kuangaliwa zaidi, ajabu, ni padre halisi aliyepewa nafasi ya padre. Yeye ana daraja la upadre. Akitamka maneno ya mageuzo, yale ya kugeuza mkate na divai kuwa Mwili na Damu ya Kristo, juu ya mkate wa ngano na divai ya zabibu, hata bila nia, ataacha watu na mashaka yasiyo ya lazima. Mwongozaji akate onyesho kabla ya maneno hayo, kengele ilie na taa zizimwe. Kwa kitubio (maungamo) pia, taa zizimwe kabla ya maneno ya ondoleo la dhambi.

Halafu kuna mapumziko. Mwigizaji anatoka nje na kanzu na kola yake, mtu asiyemjua anamwomba amwungamishe mgonjwa wake, naye kwa aibu anakubali. Hapo ndipo Kanuni ya 1379 inapomnasa. Kola ivuliwe kabla hajavuka mlango.

Na tusichanganye igizo na somo la Mateso la Ijumaa Kuu. Hiyo ni liturujia, ibada rasmi ya Kanisa: walei wanaweza kusoma sehemu nyingine, ila maneno ya Kristo, inapowezekana, huachiwa padre.