Daktari aangalie picha kwanza

Mhariri,

Naomba nafasi niseme hili la akili mnemba kusoma eksirei. Sipingi, tangu 2021 WHO wanakubali programu hizi zisome picha za kifua kuchuja TB kwa wenye miaka 15 na kuendelea, na vijijini ambako mtaalamu wa radiolojia hayupo ni msaada mkubwa sana. Ila daktari akishaona kompyuta imetoa alama ndogo, yaani inaona uwezekano wa TB ni mdogo, anaweza kulegea, haangalii tena vizuri, na mtu anakohoa mwezi mzima anaambiwa yuko fiti. Aangalie picha mwenyewe, aamue, ndo afungue majibu ya mashine. Na alama ikiwa kubwa makohozi yapimwe jamani, kovu la TB ya zamani nalo huwa linaichanganya mashine.

Msomaji wenu,
Morogoro